Sura ya 6: Damu ya Pande Mbili

Mtoto wa miezi minane amelia usiku kucha. Kulipopambazuka mama anaona viganja vyake vimevimba, miguu nayo imevimba kwa juu, na ngozi imekaza mpaka inang'aa. Ukimgusa kidole anapiga yowe. Wiki mbili nyuma alikuwa na homa, akatibiwa malaria, akapata nafuu. Sasa weupe wa macho umeingia umanjano. Bibi anasema ni baridi imemwingia mwilini. Jirani anasema mtoto ametazamwa na jicho baya, atafutwe mtu anayejua mambo hayo. Hospitali inasema damu imepungua sana, aongezewe. Siku chache baadaye jibu la maabara linatoka na neno ambalo nyumba nzima haijawahi kulitamka: selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huu.

Kinachofuata kinafanana katika nyumba nyingi, na nyumba za kata ya Ipuli, katika Manispaa ya Tabora, hazijaepukana nacho. Ndugu wa mume wanakaa kikao. Baada ya maneno mengi wifi mkubwa anatoa hukumu: "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Hahitaji kufafanua. Maana yake ni kwamba ugonjwa umeingia na mwanamke. Kuna akina mama waliorudishwa kwao kwa sababu ya kauli hiyo, mtoto mgonjwa mgongoni. Wapo waliobaki kwenye ndoa lakini wakaachiwa peke yao safari za hospitali, gharama za dawa na makesha ya wodini.

Sura hii inaijibu kauli ya wifi, kwa kuwa haina ukweli hata kidogo. Mtoto akiwa na selimundu, basi ugonjwa huo upo kwao baba na upo kwao mama. Haiwezekani uwe umetoka upande mmoja. Ili tuelewe kwa nini, itatubidi tuingie ndani ya chembe ya damu, tupige hesabu kidogo, kisha tuifuate historia ya Tabora yenyewe.

Herufi moja iliyobadilika

Mwili wa kila mtu hujengwa kwa maelekezo aliyopewa na wazazi wake. Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi za kikemikali zipatazo bilioni 3, nayo hukaa katika kiini cha karibu kila chembe ya mwili, yamegawanywa katika vifurushi viitwavyo kromosomu. Sehemu moja ya maelekezo yenye kazi yake maalumu huitwa kinasaba. Karibu kila kinasaba tunacho katika nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hakuna mtoto aliyemfuata baba tu au mama tu, hata kama sura yake inasema hivyo.

Katika kromosomu namba 11 kuna kinasaba kinachoelekeza utengenezaji wa sehemu mojawapo ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni katika damu. Kwa wenye selimundu, herufi moja tu ya kinasaba hicho imebadilika: palipopaswa kuwa na A pana T. Kwa badiliko hilo, kiungo cha sita katika mnyororo wa protini hiyo, ambao una viungo 146, kinakuwa kingine. Himoglobini ya kawaida huitwa A. Hii iliyobadilika huitwa S.

Himoglobini S hufanya kazi vizuri inapokuwa imebeba oksijeni. Ikishaiachia, molekuli zake hushikana na kujipanga kuwa vijiti virefu, na vijiti hivyo huivuta chembe nyekundu mpaka inapinda na kuchongoka. Chembe ya kawaida ni laini, hujikunja na kupenya kwenye mishipa myembamba kabisa, na huishi siku 120 hivi. Iliyopinda hukwama, na huishi siku 10 hadi 20 tu. Hapo ndipo mateso yote yanapoanzia. Chembe zikikwama kwenye mifupa ya vidole, mtoto anavimba mikono na miguu. Zikikwama kwenye ubongo, anapata kiharusi akiwa bado mdogo. Na kwa kuwa zinakufa haraka kuliko mwili unavyoweza kuzitengeneza, damu inapungua na macho yanakuwa ya manjano.

Lakini kwa nini mtoto huyu alizaliwa mzima? Swali hili limeziponza familia nyingi. Mtoto alikuja duniani na uzito mzuri, akanyonya, akanawiri, majirani wakamsifu. Kisha kuelekea nusu mwaka akaanza kudhoofika. Ni rahisi mtu kuamini kwamba kuna mkono wa mtu. Jibu ni kwamba tumboni mtoto hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, ambayo haiguswi na badiliko lile. Himoglobini hiyo humlinda katika miezi ya mwanzo, halafu hupungua taratibu na kuiachia nafasi himoglobini ya ukubwani. Ugonjwa alizaliwa nao. Kinga ndiyo iliyoisha.

Maabara nyingi huanza na kipimo rahisi. Tone la damu huwekwa kwenye kioo na kuchanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, iitwayo sodiamu metabisulfaiti. Hufunikwa, husubiriwa, kisha mtaalamu huangalia kwa hadubini kama chembe zinapinda. Mzazi anapaswa kujua jambo moja kuhusu kipimo hiki: chembe za damu za mtu mwenye nakala moja tu ya S nazo hupinda hapo kiooni, ingawa mtu huyo si mgonjwa. Jibu likisema "chanya", ni lazima lifuatwe na kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ili ijulikane kama mtu ni AS au SS. Tofauti ya herufi hizo ni kubwa sana katika maisha ya mtu.

Hesabu ya kila mimba

Mwenye AA hana kinasaba cha ugonjwa. Mwenye AS amekibeba, lakini nakala yake nzima inatosha kuendesha mwili. Analima, anacheza mpira, anazaa na kuzeeka bila kujua. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Kwa kuwa kila mzazi hutoa nakala moja tu, mtoto hawezi kuwa SS mpaka apewe S na baba na S na mama.

Tuchukue mume na mke, wote AS, wote wenye afya njema. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuwa AA ni asilimia 25, kuwa AS ni asilimia 50, na kuwa SS ni asilimia 25. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba inapotungwa. Wengi hudhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata watasalimika. Sivyo. Wanaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo, na wanaweza kupata watoto wanne bila mgonjwa hata mmoja. Ukipiga hesabu, takribani theluthi moja ya wanandoa wa AS na AS wenye watoto wanne hawatakuwa na mtoto mgonjwa kabisa. Watu hao watawaambia wajukuu wao kwa moyo mweupe kwamba kwao hakuna ugonjwa, nao watakuwa wanabeba na kurithisha.

Sasa tutazame kanda nzima. Watafiti walioshirikiana na Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichukua vitone vya damu vilivyokaushwa kwenye karatasi, vilivyokuwa vimekusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Katika sampuli zipatazo 17,200, watoto wapatao asilimia 20 walikuwa AS, na asilimia 1.2 walikuwa na selimundu. Ikiwa mtu mmoja kati ya watano ni AS, basi wanandoa wanaokutana wote wakiwa AS ni takribani 1 kati ya 25. Robo ya watoto wao watakuwa SS, yaani mtoto 1 kati ya 100. Hesabu ya penseli na majibu ya maabara vinakaribiana. Kwa nchi nzima, makadirio yanayotumiwa sana ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na Tanzania imo kati ya nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani.

Malaria iliyokilinda kinasaba

Kinasaba kinachoua watoto kilipaswa kutoweka, kwa kuwa wenye SS wengi hawakufikia umri wa kuzaa. Mbona kimejaa hivi?

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alisafiri mwaka 1949 akipima damu za makabila mbalimbali. Akaona kwamba S ni nyingi kando ya Ziwa Victoria na pwani, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: mwenye AS hustahimili malaria kali kuliko mwenye AA. Mwaka 1956 akatoa takwimu za wilaya ya Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, wenye SS walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 5 tu. Wenye AS walikuwa asilimia 31 ya wachanga, lakini asilimia 38 ya watu wazima. Katika namba hizo unaona vifo vya aina mbili. SS waliuawa na damu yao, AA wengi waliuawa na malaria, na AS wakabaki kulea kizazi kilichofuata.

Hii ndiyo sababu hakuna ukoo wa kuona haya. Babu mwenye AS alipona malaria utotoni, pengine kwa sababu ya nakala ile moja, ndipo akaoa, akazaa, na wewe ukapatikana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliitaja Tabora kuwa mkoa wenye kiwango cha juu kuliko yote cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, takribani asilimia 23. Mazingira yaliyokilinda kinasaba hiki bado yapo. Ila kinga hiyo ni ya AS peke yake. Mtoto wa SS akipata malaria huwa katika hatari kubwa kuliko wenzake, kwa hiyo chandarua kwake ni sehemu ya tiba.

Walikopita watu, kimepita

Unyanyembe, nchi ambayo Tabora imesimama juu yake, ilikuwa njia panda ya bara zima. Wanyamwezi walikwenda pwani na pembe za ndovu kwa miguu yao kabla wafanyabiashara wa Kiarabu hawajaweka makazi Kazeh na Kwihara, humo humo Unyanyembe. Kutoka hapo njia moja ilishuka Bagamoyo, nyingine ikaenda Ujiji na kuvuka kuingia Kongo, nyingine ikapanda Karagwe na Buganda. Wapagazi walikaa safarini kwa miezi, wakaoa njiani, wengine wasirudi. Msiri, kijana wa Kinyamwezi, alikwenda Katanga na watu wake akaanzisha utawala wa Garenganze. Uzao wa watu hao ndio Wayeke wa Bunkeya leo. Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, alimwoa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Wamanyema waliletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengi wao kwa nguvu, na vizazi vyao vikawa wenyeji wa Tabora. Reli ikafika mwaka 1912, ikaleta Waha, Wasukuma na wengine.

Kinasaba cha S hakikuletwa na misafara. Kilikuwemo miongoni mwa wakulima wa Afrika maelfu ya miaka kabla yake. Misafara ilikitawanya na kukichanganya. Ushahidi uko hata ng'ambo ya bahari. Herufi zinazokizunguka kinasaba hiki huunda mpangilio unaotofautiana kwa asili: kuna wa Benin, wa Kibantu, wa Uarabuni na India. Watafiti walipopima S za watu wa Oman na kuchapisha matokeo mwaka 2000, walikuta kwamba takribani moja kati ya tano ina mpangilio wa Kibantu. Zimefika huko na watu wa upande wetu wa bahari, waliochukuliwa utumwani na waliooana na wageni, katika uhusiano wa karne nyingi kati ya Oman, Zanzibar na bara. Jamaa wa Muscat na jamaa wa Tabora wanaweza kubeba herufi ileile kutoka kwa babu mmoja.

Kwa hiyo katika mji kama huu, kuuliza kabila lipi lina selimundu ni kupoteza muda. Kuoa mbali hakukuhakikishii usalama, kwa kuwa S imeenea mno. Kuoana ndugu kunaongeza hatari ya magonjwa ya namna hii: binamu wa kwanza hushirikiana takribani moja ya nane ya vinasaba vyao, kwa hiyo kilichojificha kwa bibi mmoja kinaweza kukutana chenyewe kwa kitukuu.

Rangi ya ngozi, hesabu ileile

Ualbino hurithiwa kwa njia hiyohiyo. Aina inayoonekana zaidi kwetu hutokana na kinasaba kiitwacho OCA2, katika kromosomu 15. Watafiti waliochunguza Watanzania wenye ualbino mwaka 1995 waliwakuta wengi wana pengo lilelile, kipande cha herufi 2,700 hivi kimetoweka, na pengo hilohilo limekutwa kusini mwa Afrika. Ni la kale, limetembea na watu. Mtoto mwenye ualbino amepokea nakala moja ya baba na moja ya mama, ambao mara nyingi wote wawili wana ngozi nyeusi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo Tanzania, zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Akina mama walishutumiwa kwamba wamezaa na mzungu au na mzimu. Ujinga huu umemwaga damu. Hakuna utajiri katika kinasaba, wala hakuna mzimu. Kuna ngozi isiyoweza kujikinga na jua, inayohitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga kama yale yanayotengenezwa Moshi, katika Hospitali ya KCMC.

Yapo pia magonjwa ya kurithi yasiyofuata hesabu hii. Himofilia, ambayo huzuia damu kuganda, hukaa kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, na ameipata kwa mama yake. Ndiyo maana wagonjwa karibu wote ni wavulana, na mama huwa amebeba bila dalili kubwa. Hata hapo mama hakuchagua. Alirithi kwa wazazi wake, au badiliko lilitokea bila sababu inayojulikana.

Baada ya jibu kutoka

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu, chini ya Profesa Julie Makani. Taarifa ya mwaka 2011, iliyohusu wagonjwa 1,725, ilionyesha kwamba kiwango cha vifo ni kikubwa zaidi kwa walio chini ya miaka mitano. Wanauawa na maambukizi ya bakteria na upungufu mkali wa damu, mambo yanayozuilika kama mtoto amejulikana mapema.

Penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, chanjo zote, folik asidi, maji ya kutosha na kinga ya malaria huokoa maisha. Mama hufundishwa kupapasa bandama: anamlaza mtoto chali, anaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, anabonyeza polepole. Siku akiona uvimbe umekua ghafla na mtoto amepauka, hangoji asubuhi. Damu inajikusanya kwenye bandama, na saa chache zinaweza kuamua uhai. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea, inayoamsha tena ile himoglobini ya kichanga. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyohusisha watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, yalionyesha kwamba ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo. Hutolewa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara.

Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Hapo hesabu ya urithi inarudi kwa uso mwingine, kwa kuwa mchangiaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana uwezekano wa asilimia 25 wa kulingana na mgonjwa.

Familia iliyopata jibu la SS iende hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa Tabora hiyo ni Kitete. Baba aende mwenyewe, apimwe, na jibu lake liandikwe kando ya la mkewe. Watoto wengine wapimwe hata kama hawaumwi, na vijana wao wajue hali zao kabla ya kuposa au kuposwa. Sisemi wachumba wa AS na AS waachane. Nasema waingie kwenye ndoa wakijua, ili kila mtoto wao apimwe akiwa mchanga, kabla kinga ya miezi ya mwanzo haijaisha. Na wazee wa pande zote mbili, badala ya kutafuta aliyeleta ugonjwa, wagawane nauli, zamu za wodini na uchangiaji wa damu. Mtoto alirithi kutoka pande mbili, na ana haki ya kutunzwa na pande mbili.